Achia pedi kwanza: gemu za ngumi na deni langu la Makanyagio

Najua nimepotea, msinitupie mawe. Tesiti zimetubana, bumu nalo limechelewa, kwa hiyo hata hamu ya kuandika ilikuwa imekauka. Ila jana usiku kuna kitu kimetokea hapa hosteli, nikasema hapana, hili lazima niliandike.

Iko hivi. Kwenye somo letu la historia simulizi mwalimu alituambia kila mtu achague jambo la kwao ambalo halijaandikwa, aulizie watu, alete. Wenzangu wakaja na mambo mazito: Maji Maji, machifu, biashara ya pembe za ndovu. Mimi nikasimama nikasema nataka kuandika jinsi vijana wa Mpanda walivyojifunza gemu za ngumi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe ulifundishwa na nani?" Nikamjibu, "Nilijifunza mwenyewe." Nikakaa.

Sasa jana usiku kuna jamaa wa ghorofa ya pili kaleta PlayStation yake na Tekken 7. Tulianza kwa utani, nikajikuta nimepiga watu tisa mfululizo. Wa tisa akaweka pedi chini, akaniangalia, akauliza: "Oyaa, ulifundishwa na nani wewe?" Duh! Swali lile lile. Na nikataka kujibu uongo ule ule, ukanikwama kooni.

Kwa hiyo leo naandika jibu la kweli. Ni refu kidogo, chukueni chai.

BANDA LENYEWE

Banda lilikuwa Makanyagio, Mpanda mjini. Kabla ya gemu lilikuwa banda la video, lile la mabenchi ya mbao na turubai mlangoni kuzuia mwanga. Mwenye banda alikuwa na TV chogo mbili na PlayStation 2 mbili. Alipenda kutusimulia kwamba alizileta kwa treni kutoka Tabora, zimefungwa ndani ya robota la mitumba ili zisivunjike. Reli yenyewe, kwa wasiofahamu, ni tawi linalochepuka kutoka Kaliua. Mkoloni aliijenga kwa sababu ya madini ya risasi, ikafika Mpanda mwaka 1950. Ilijengwa itoe mali, na miaka sitini na kitu baadaye ikatuletea Tekken. Historia ina vituko.

Umeme wa Mpanda enzi hizo ulikuwa wa majenereta ya dizeli, Gridi ya Taifa ilikuwa haijafika Katavi. Ukikatika katikati ya mechi, aliyekuwa anaongoza analia na aliyekuwa anapigwa anashangilia. Mimi nilikuwa mshangiliaji mzuri sana.

Ninazungumzia mwaka 2013, nikiwa darasa la nne. Mkoa wa Katavi ulikuwa na mwaka mmoja tu, maana ulimegwa kutoka Rukwa 2012. Na mwaka huo huo wa 2013 Sony wakatangaza kwamba hawatengenezi tena PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huko kwao imezeeka, sisi Makanyagio ndo kwanza tunapanga foleni. Lakini msituonee huruma. Tekken ya kwanza ilitoka Japan 1994, na mwaka huo huo 1994 ndo vituo vya kwanza vya televisheni vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara. Wenzetu wanapigana ndani ya TV, sisi tunaifungua TV kwenye boksi. Ukilinganisha hivyo, kufikia 2013 tulikuwa tumekimbia sana.

Diski zilikuwa mbili za maana, Tekken 3 na Tekken 5. PlayStation 2 inasoma pia diski za ile PlayStation ya kwanza, kwa hiyo zote zilipiga.

Sheria za banda zilikuwa fupi. Mechi moja shilingi 100. Anayeshinda anabaki na pedi, halipi tena. Anayeshindwa anapisha, na akitaka kurudi anaweka mia nyingine juu ya TV na kusubiri foleni. Sarafu juu ya TV ndo ilikuwa namba yako.

Nilipofika chuo nikaanza kusoma historia ya gemu hizi, nikakuta kitu kilichonisimamisha. Street Fighter II ya Capcom ilipotoka 1991, vijana wa Marekani walikuwa wanaweka sarafu zao za robo dola kwenye ukingo wa mashine kuonyesha nani anafuata. Japan mashine zilikuwa zinakula yen 100 kwa mchezo. Na kote huko aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anatoa hela nyingine. Hakuna aliyetuma barua Makanyagio kutuelekeza. Ukiwa na mashine moja na watu kumi na tano, sheria inajitengeneza yenyewe.

Na sheria hiyo ndo mwalimu wa kwanza. Nyumbani peke yako ukipigwa unaanza upya, hakuna hasara. Bandani ukipigwa umepoteza mia, umepoteza nafasi, na watu wanakucheka. Lazima ujiulize kimetokea nini.

KUBONYEZA HOVYO

Mimi sikuwa najiuliza. Nilikuwa nachukua Eddy Gordo kwenye Tekken 3. Wadau mnamkumbuka, yule Mbrazili wa kapoera, anazunguka chini kama pia. Unabonyeza vitufe vya mateke hovyo hovyo, yeye anacheza utadhani unajua. Siku hizi najua kapoera ilianzishwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Brazil, wengi wao kutoka upande wa Angola na Kongo, lakini wakati ule kwangu ilikuwa dawa ya uvivu tu. Kwa wageni nilikuwa natisha. Kwa wazoefu nilikuwa mia ya bure.

Halafu akaja yeye.

Jina lake silitaji, nimemuomba ruhusa ya kuandika haya ila si jina. Alikuwa anatoka Katumba, alikuwa ananizidi kama miaka mitatu. Jumamosi alikuwa anakuja na mjomba wake kuleta maharage sokoni Buzogwe, mzigo ukishashushwa anakuja bandani. Jumamosi mbili za kwanza hakucheza kabisa. Alikaa kwenye benchi la nyuma, anatazama. Tukajua hana hela. Ya tatu akaweka mia juu ya TV, akamchukua King, yule mwenye kinyago cha jagwa, sisi tulimwita Chui tu. Akakaa na pedi mpaka mjomba alipokuja kumwita jioni. Mia moja, siku nzima!

Mimi siku hiyo alinipiga mara nne. Mia nne zote, na hazikuwa zangu, zilikuwa hela ya kusagisha mahindi. Ya tano nikawa naona kabisa napigwa tena, watu wanacheka, nyumbani sina la kusema. Nikasema kwa sauti: "Rudi kwenu, mkimbizi."

Aliweka pedi kwenye benchi, taratibu. Alikuwa anaongoza. Chui wake akabaki amesimama kwenye TV, mimi nikawa naendelea kubonyeza na kumpiga mtu asiye na mchezaji. Yeye akatoka nje.

Mwenye banda akazima TV. Akaniambia, "Wewe umelipa mia, yeye kalipa mia. Hapa hatuulizani kwenu wapi." Akanifukuza wiki mbili.

KWAO NI WAPI

Kwa marafiki wasioijua Katavi, niseme hili kidogo. Mwaka 1972 Burundi kulitokea mauaji makubwa, watu maelfu wakakimbilia kwetu. Serikali ikawafungulia makazi: Ulyankulu kule Tabora, Katumba mwaka 1973, baadaye Mishamo. Walipewa ardhi ya porini, wakafyeka, wakalima, na haikuchukua miaka mingi wakawa wanajilisha na kuuza. Ukila maharage Mpanda enzi hizo kuna uwezekano mkubwa yalitoka Katumba. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi haya wakakubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa 2014.

Kwa hiyo yule ninayemwambia "rudi kwenu" mwaka 2013 alikuwa amezaliwa Katumba. Mama yake naye kazaliwa Katumba. Kwao ni mwendo wa treni kutoka Mpanda. Mimi babu yangu alihamia Mpanda kutoka Tabora na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nirudi kwetu.

Hayo sikuyajua nikiwa na miaka kumi. Nilichojua ni kwamba nilikuwa nimefanya kitu kibaya na sikuwa na ujasiri wa kusema samahani. Wiki mbili zilipokwisha nikarudi bandani Jumamosi, nikamkuta kwenye benchi la nyuma. Nikaweka mia juu ya TV nikasema hii ni yake. Hakusema asante. Alisema, "Kaa hapa, usicheze. Tazama."

ALICHONIFUNDISHA

Somo la kwanza: achia pedi. Kwenye Tekken 5 ukiwa umesimama bila kubonyeza chochote, mtu wako anajikinga mwenyewe dhidi ya mapigo ya juu na ya kati. Sikuwa najua! Nusu ya vipigo vyangu nilijiletea kwa kubonyeza wakati wa kutulia. Jumamosi nzima alinikataza kushambulia. Nilipoteza mia zote, lakini kila mechi ilikuwa inachukua muda mrefu kuliko iliyopita.

Somo la pili: kila kinga ina tundu lake. Ukisimama unazuia ya juu na ya kati, ila unakula ya chini na unakamatwa na kutupwa. Ukichuchumaa unazuia ya chini na huwezi kukamatwa kirahisi, ila pigo la kati linakufungua. Hakuna mahali pa kujificha kabisa. Ndo maana Chui wake alikuwa mbaya: ukikaa umejikinga anakukamata, ukiinama kukwepa anakupiga la kati.

Somo la tatu lilikuwa gumu zaidi: usitazame mkono wake, mjue yeye. Hapa sayansi inamuunga mkono. Tekken inaonyesha picha 60 kwa sekunde moja, kila picha wanaiita fremu. Ngumi nyepesi inafika ndani ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho na kidole cha binadamu vinahitaji kama fremu 12 hadi 15 kujibu kitu kilichoonekana. Kwa hiyo ngumi ile huizuii kwa kuiona. Unaizuia kwa sababu ulijua inakuja. Teke zito la chini ndo unaweza kuliona na kuinama, mengine ni kumsoma mtu. Yeye hakuwa na neno fremu. Alikuwa anasema, "Huyu akiogopa anaruka. Yule akikukosa anarudia lile lile." Zile Jumamosi za kukaa kimya kwenye benchi la nyuma alikuwa anatusoma sisi wote, bure.

Somo la nne: ukipigwa, uliza. Mgeukie aliyekupiga umuulize, "Umenipigaje hapo?" Alisema watu wengi wanaona aibu kuuliza hivyo, ndo maana hawapandi. Mimi aibu yangu nilikuwa nimeshaimaliza, au niseme nilikuwa nimeshaiongeza mpaka mwisho.

Ilinichukua karibu mwaka kumpiga mechi moja ya halali.

DUNIANI HUKO

Sasa nikirudi kwenye vitabu na intaneti, naona mambo yale yale yamejirudia kila mahali.

Kombo, yaani mapigo yanayoungana bila mpinzani kupata nafasi ya kujikinga, hazikupangwa. Noritaka Funamizu wa Capcom alikuwa anakagua ile sehemu ya kuvunja gari kwenye Street Fighter II, akaona mapigo mengine yanaingia moja juu ya lingine. Wakaliacha wakidhani ni siri ndogo. Wachezaji ndo walioigeuza kuwa sarufi ya gemu zote zilizofuata. Na waliambukizana vipi kabla ya intaneti kuenea? Kwa kusimama nyuma ya mtu na kutazama.

Mwaka 1996 vijana wa Kalifornia wakakusanyana Sunnyvale kushindana, wachezaji kama 40 tu. Mkusanyiko ule ukakua, na mwaka 2002 ukachukua jina la Evolution, kwa kifupi Evo. Kwenye Evo ya 2004 Daigo Umehara wa Japan alikuwa amebakiwa na uhai kama uzi mbele ya Justin Wong wa Marekani. Wong akaachia pigo kubwa la mateke mengi mfululizo. Kujikinga kwa kawaida kungemmaliza, kwa hiyo Umehara akayapangua yote, moja moja, kila moja kwa muda wake, kisha akarudisha na kushinda raundi. Ukumbi ulilipuka. Watu wanasifia vidole vyake. Lakini lile la kwanza ilibidi aanze kulipangua karibu kabla halijaonekana. Alikuwa ameshajua Wong atafanya nini. Benchi la nyuma, wadau!

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Pakistan. Februari 2019 Arslan Siddique wa Lahore, anayejulikana kama Arslan Ash, alifika Evo ya Japan baada ya mateso ya viza na safari, hakuna anayemtegemea. Akachukua ubingwa wa Tekken 7. Wakubwa wa Korea na Japan wakabaki wanaulizana huyu katoka wapi. Agosti mwaka huo huo akashinda na Evo ya Las Vegas, fainali alimpiga Knee wa Korea Kusini. Akawaambia waziwazi kwamba kwao wako wengine wakali kama yeye. Watu wakadhani ni majigambo, Knee mwenyewe akafunga safari mpaka Pakistan kujionea, na akapigwa kweli na watu ambao dunia haiwajui. Walikuwa wamenolewa na nini? Kumbi za gemu za mtaani, watu wale wale kila siku, wanapigana na kuulizana.

Na hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Nairobi, QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kimataifa ya UYU kwa ajili ya Tekken 7, huku akiwa mwanafunzi wa sheria. Kwa hiyo wale waliocheka darasani, mjue kuna mwanafunzi mwenzetu alikuwa anasoma sheria na pedi iko mkononi.

Nikiviweka visa hivi pamoja naona kitu kimoja. Mashine nzuri inasaidia, intaneti ya kasi inasaidia. Lakini aliyefika mbali mara nyingi alikuwa na chumba chenye watu wanaomzidi na wasiomficha kitu. Hakuna "nilijifunza mwenyewe" kwenye gemu hizi. Hata pigo unalolijua ulilipata kwa mtu aliyekupiga nalo.

DENI

Likizo iliyopita nilienda Mpanda. Banda halipo, pale pana duka la vipodozi. Nikapanda kwenda Katumba. Yeye sasa anauza spea za pikipiki, ana mke na mtoto mmoja. Tukakaa nje ya duka lake, nikaona nikiendelea kuzungukazunguka nitaondoka tena bila kusema. Nikamwambia samahani kwa lile neno la 2013.

Alinyamaza kidogo. Akasema siku ile alitembea mpaka stesheni akakaa peke yake, akaapa harudi tena Makanyagio. Nikamuuliza kwa nini alirudi. Akasema, "Nilikuwa nashinda pale. Ningeacha kwa sababu yako?" Halafu akacheka, akaongeza kwamba alinifundisha kwa sababu nilikuwa mchezaji mbovu kuliko wote, hakuona hatari yoyote. Hehehe.

Simuwekei maneno ya msamaha mdomoni, hakuyasema. Alitoa simu yake, ana Tekken 3 humo, vidole vinateleza kwenye kioo, hakuna pedi. Tulicheza kwa kupokezana na tulicheka sana. Alinishinda kwa jumla. Nilipomuuliza amenipigaje ile ya mwisho alinieleza vizuri tu, kama zamani.

Kwa hiyo yule jamaa wa ghorofa ya pili jana nilimjibu: "Nilifundishwa na mshkaji wangu wa Katumba, Katavi." Akauliza Katumba ni wapi, nikamuelezea, tukakesha mpaka saa tisa usiku. Leo kwenye kipindi cha asubuhi nimesinzia, najuta na sijuti. Jumatatu namfuata mwalimu ofisini nimrekebishie jibu langu, na nimuombe mada ile ile. Wanaotaka kucheka waendelee.

Na kwa wewe unayeanza gemu hizi leo, ushauri wangu ni ule ule niliopewa: achia pedi kwanza. Tazama. Ukipigwa usitukane mtu, muulize.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Ngoja nikapange foleni ya ugali kabla maharage hayajaisha.